Mzee Akae Wapi?

Miongoni mwa maswali ambayo mwanadamu huyaahirisha kadiri awezavyo ni hili: nitakapokuwa mzee nitakaa wapi, na pamoja na nani? Kijana halishughulikii, maana kwake uzee ni habari ya watu wengine. Mtu wa makamo hulifikiria kwa ajili ya wazazi wake, na akishawapelekea fedha za mwezi hudhani amelimaliza. Mzee mwenyewe ndiye ajuaye uzito wake, lakini aghalabu yeye haulizwi.

Nasi wa Afrika ya Mashariki tumezoea kulijibu kwa maneno machache ya kujisifu, ya kwamba Wazungu huwatupa wazee wao na sisi twawatunza wetu. Maneno hayo husikika barazani na katika mihadhara, na wako waichunguzao dini wanaoyahesabu kuwa ni hoja. Ndugu msomaji, hoja hiyo ni dhaifu. Sehemu yake ya kwanza si sahihi, na ya pili ni sahihi nusu tu. Na mtu akiijenga heshima ya dini yake juu ya hoja dhaifu, hana budi siku moja kuiona ikianguka mbele ya watu.

Na tuutazame kwanza mji mmoja wa Marekani, ambako jambo hili limefika mbali kuliko mahali pengi. Katika jimbo la Arizona, kaskazini-magharibi ya Phoenix, palikuwa na mashamba ya pamba. Hapo mkandarasi aitwaye Del Webb alijenga mji akauita Sun City, nao ulifunguliwa tarehe 1 Januari, 1960. Ulikuwa mji wa wazee peke yao. Jirani yake ulikuwapo mji mdogo wa namna hiyo, Youngtown, ulioanzishwa mwaka 1954, lakini Sun City ndio uliovuma. Siku zile za kwanza yakadiriwa kuwa watu laki moja walikwenda kuutazama, na leo wakazi wake ni karibu elfu arobaini. Upande wa mashariki, katika Florida, uko mji mwingine wa wazee uitwao The Villages. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2020 eneo la mji huo lilionekana kuwa ndilo lililokua upesi kuliko maeneo yote ya miji ya Marekani katika miaka kumi iliyotangulia.

Je, ni nani aliyewatupa watu hao? Hakuna. Walikwenda wenyewe, wakanunua nyumba kwa fedha zao. Zamani wazee wengi wa Marekani walikaa na watoto wao kama kwetu. Lakini ilipokuja sheria ya mwaka 1935 ya malipo ya uzeeni, na baadaye pensheni za viwanda, mzee akawa na kipato kisichopitia mkononi mwa mwanawe. Mara alipokuwa nacho, wengi walichagua kukaa peke yao. Hatuna haki ya kuliita chaguo hilo uovu. Mtu aliyesimama kiwandani miaka 40, ambaye magoti yake humwuma kila theluji inapoanguka, akitamani mahali penye jua, pasipo ngazi za kupanda, ana kosa gani? Katika mji wa wazee hakuna amwonaye mwenziwe mzito wa masikio kuwa kichekesho, kwa kuwa wengi ni wazito wa masikio. Mume akifa, mjane wake huwa na majirani waliokwisha pita njia hiyo, nao wajua la kusema na wakati wa kunyamaza. Mimi niandikaye haya nimepita umri wa miaka arobaini, umri ambao mtu huanza kuzisoma habari za uzee kwa makini zaidi, nami nakiri kwamba mambo hayo si madogo.

Lakini liko sharti. Nyumba ya Sun City haina budi kuwa na angalau mtu mmoja aliyefikia miaka 55, na asiyetimiza miaka 19 haruhusiwi kufanya makazi humo. Katika The Villages mjukuu huweza kumzuru babu yake, lakini siku zake zimewekewa mpaka: siku 30 kwa mwaka. Sheria ya nchi yenyewe imeyakubali haya. Mwaka 1988 Marekani ilipiga marufuku kumnyima mtu nyumba kwa sababu ana watoto, lakini ikaziacha nje nyumba za wazee. Na sheria nyingine ya mwaka 1995 ikaeleza kwamba yatosha ikiwa nyumba 80 katika kila 100 zina mtu wa miaka 55 au zaidi.

Matunda ya sharti hilo yalionekana mapema. Katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wapiga kura wa Sun City walikataa mara kwa mara mikopo ya kujengea shule za wilaya ya Peoria, ambamo mji wao ulikuwa, hata mwishowe mji ukatengwa na wilaya hiyo ya shule. Hoja yao ilikuwa kwamba walikwisha kulipia shule kule walikolelea watoto wao. Kwa hesabu ya fedha hoja hiyo yaeleweka. Na katika Youngtown, kijana mmoja asiyetimiza miaka 18 alikuja kukaa kwa babu na bibi yake, mji ukataka aondoke. Ugomvi uliotokea hapo ulifika kwa wakuu wa jimbo, na mwaka 1998 sharti la umri la mji huo likatenguliwa. Leo watoto hukaa Youngtown. Yafikirie haya, ewe msomaji: babu na bibi wanao mjukuu mwenye shida, wanayo nyumba, wanayo nia ya kumlea, na kinachowazuia ni kanuni za mahali walipokwenda kupumzika.

Liko jambo jingine la Sun City lisilosemwa sana, nami naliona kuwa na maana kuliko yote. Wazee wale waliokwenda kustarehe walianzisha vikundi vyao vya kazi za hiari. Wako wanaofagia barabara na kukata matawi ya miti kando ya njia bila ujira, na wako wanaozunguka mitaani kulinda usalama. Mtu amelipa fedha nyingi ili asifanye kazi tena, kisha alfajiri yuko njiani na reki mkononi! Anatafuta nini?

Mroma mmoja wa kale, Cicero, aliandika kitabu juu ya uzee mwaka 44 kabla ya Nabii Isa a.s. Katika kitabu hicho mzee Cato, mwenye miaka themanini na zaidi, awajibu vijana wawili waliokuja kumsikiliza. Aeleza kwamba watu huulaumu uzee kwa mambo manne: humwondoa mtu katika shughuli, hudhoofisha mwili, hunyang'anya starehe, na uko karibu na mauti, naye alijibu kila moja. Ni kitabu chenye hekima. Lakini tazama lile ambalo halimo katika yale manne: mzee kukosa mtu wa kumhitaji. Cato hakulitaja kwa sababu halikumpata. Alikuwa tajiri mwenye mashamba, watumwa na jina kubwa, na vijana wawili wa daraja ya juu wameketi mbele yake wakingoja neno lake. Mwondolee vijana wale wawili, umwache na mashamba yake tu. Sidhani kwamba majibu yake yangekuwa na utulivu ule.

Moyo wa mzee una madai mawili, nayo yanavutana. La kwanza, atuliwe mzigo. Amechoka, na ni haki yake kupumzika. Hapendi kuwalemea watoto wala kulelewa kama mtoto. La pili, ahitajiwe. Ataka liwepo jambo ambalo bila yeye halitakwenda vizuri, na awepo mtu atakayeuliza, "Mzee amesemaje?" Mtu ambaye mzigo wote umeondolewa mabegani mwake huanza kuona kwamba hata mabega yenyewe hayatakiwi. Hii ndiyo sababu mzee aliye katika mji wa starehe husema asubuhi kwamba amebahatika, na jioni husema amesahauliwa. Si kigeugeu, wala si mtu asiye na shukrani. Maneno yote mawili ni ya kweli, kwa kuwa dai moja limetimizwa na la pili limeachwa.

Sasa vuka bahari uje Kagera, mkoa ambao ndani yake wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mwaka 1983. Huko ugonjwa uliondoa kizazi cha katikati, na bibi waliokuwa wamekwisha kukabidhi jembe walilazimika kulishika tena kwa ajili ya wajukuu yatima. Hakuna aliyehitajiwa zaidi ya bibi yule. Wajukuu wanne au watano wamwangalia yeye peke yake kwa chakula, daftari na dawa. Lakini ni nani aliyemtua mzigo? Arizona kanuni zilitaka kumtenga babu na mjukuu wake. Kagera mauti yalimtwika bibi wajukuu wote bila kumwuliza. Wa kule amepata nusu moja ya haki yake, na wa huku amepata nusu ya pili. Wala usiniambie kwamba ya huku ndiyo nusu bora, isipokuwa wewe mwenyewe umelima ukiwa na miaka 70.

Ndiyo maana mimi nalihesabu kuwa jambo kubwa lile lililofanyika Zanzibar mwezi wa Aprili 2016, Serikali ilipoanza kumlipa kila mkazi aliyefikia miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alipata kuajiriwa au hakupata. Kenya nayo ilianza malipo kwa wenye miaka 70 mwaka 2018. Fedha hizo si nyingi, na wako waliozicheka. Lakini bibi aliyekuwa akingoja kupewa sukari sasa huinunua, na mjukuu akitumwa dukani hurudishiwa senti na bibi yake. Mkono uliokuwa wa kupokea umekuwa tena wa kutoa, wala bibi hakuondolewa nyumbani wala hakutengwa na watoto ili kuyapata hayo. Mzigo umepungua, naye angali anahitajiwa.

Ama ile sifa yetu, kwamba sisi hatuna nyumba za wazee, yafaa tuiache. Tunazo. Ziko Njoro katika Moshi, Kolandoto katika Shinyanga, Nunge katika Kigamboni, na Unguja ziko Sebleni na Welezo. Baadhi yake zilianza kuwa makambi ya wagonjwa wa ukoma. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 yasema kwamba jamaa ndio watunzaji wa asili wa mzee, na makazi hayo ni kwa yule ambaye hana njia nyingine. Tofauti na Sun City ni hii: kule mtu huingia kwa kununua, na huku huingia kwa kukosa. Hatuna sababu ya kuyaonea haya makazi hayo. Aibu ingekuwa kuwaacha watu wale njiani.

Aibu yenyewe iko mahali pengine. Katika vijiji vya Shinyanga na Mwanza, tangu miaka ya 1970, vikongwe wengi wameuawa kwa mapanga wakituhumiwa uchawi, na dalili iliyotajwa mara nyingi ilikuwa macho mekundu. Macho yale yaliwekundishwa na moshi wa jiko, kwa miaka hamsini ya kuwapikia watu, pengine hao hao waliowashuku. Na si mara chache nyuma ya tuhuma ilikuwapo tamaa ya ardhi, ndani ya ukoo wenyewe. Hawakuwa katika nyumba ya wazee watu hao. Walikuwa nyumbani kwao, katikati ya jamaa, mahali ambapo sisi husema kwamba mzee yu salama.

Tena yuko yule ambaye hakuuawa wala hakutupwa, ila amewekwa. Ana chumba chake cha uani, ana kitanda, na sahani yake huletwa kwa wakati. Nyumba imejaa watu. Lakini posa ya mjukuu imekuja, na yeye alipata habari baada ya mahari kukubaliwa. Shamba limeuzwa, naye alisikia kwa jirani. Akiuliza huambiwa, "Wewe pumzika, mzee." Maneno hayo ni ya upole, na katika nyumba nyingi ndiyo yanayomfukuza mzee katika mambo ya dunia kabla ya siku yake. Wahenga waliposema kwamba penye wazee haliharibiki neno, hawakukusudia wazee walioketi uani.

Basi dini yasemaje? Kwanza, haimlazimishi mtu kuufurahia uzee. Katika dua zake Mtukufu Mtume s.a.w. alijikinga kwa Mwenyezi Mungu na kurudishwa katika umri dhalili, na Kurani Tukufu yatueleza jinsi Nabii Zakaria a.s. alivyomlalamikia Mola wake udhaifu wa mifupa yake na mvi za kichwa chake. Kwa hiyo mtu auogopaye uzee asidhani kwamba imani yake imepungua. Wametangulia waliokuwa bora kuliko yeye.

Pili, katika Sura Bani Israil, amri ya kuwatendea wema wazazi imefuatana na habari ya uzee wao, nao umetajwa kuwa ni uzee unaowafikia wakiwa kwako, yaani kwa mtoto. Neno hilo ‘kwako’ nalifahamu kuwa ni ukaribu, si kifungo: mzee mwenye nguvu apendaye nyumba yake na mlango wake mwenyewe, aachwe nao, na mtoto ndiye aende. Kisha ona jambo la ajabu. Baada ya kutaja uzee, aya ile haitaji chakula wala kitanda. Yakataza kuguna, ule mguno mdogo wa kuchoka ambao hata si neno kamili, na kuwakemea, na yaamuru wasemezwe kwa heshima. Mwenyezi Mungu Mjuzi alijua kwamba chakula watu watatoa. Mguno ndio utakaomwonyesha mzee kwamba amekuwa mzigo, nao huweza kutolewa katika nyumba ya watu kumi kama unavyoweza kutolewa na mtumishi wa mshahara.

Na Mtume s.a.w. aliwahurumia wadogo na kuwaheshimu wakubwa katika mafundisho mamoja, akasema kwamba asiyefanya hayo si katika sisi. Hakuyatenga mawili hayo. Mtoto asiyepata kuishi karibu na mzee atajifunzia wapi heshima, na mzee asiyeona mtoto huruma yake aipeleke wapi?

Nawe uliyeingia katika Uislamu hali wazazi wako wangali katika dini yao, au ungali wachunguza na waogopa kuwahuzunisha, swali hili ni lako zaidi. Wako waliodhani kwamba kusilimu kumewatua deni la wazazi. La! Sura Luqman yaeleza wazi kwamba wazazi wakimshikilia mtoto amshirikishe Mungu asiwatii katika hilo, lakini akae nao kwa wema katika mambo ya dunia. Wema huo hauna sharti la wao kuibadili dini yao. Mama yako mzee akiendelea kukuita kwa jina lako la zamani, itika. Akikutaka shauri juu ya paa la nyumba yake, kaa chini msemezane. Na wewe vilevile mtake shauri juu ya mambo yako, hata kama uamuzi utakuwa wako, kwa maana mtu aliyekulea ana mengi ayajuayo juu yako usiyoyajua wewe.

Hadhrat Abu Bakr r.a. alikuwa katika watu wa kwanza kabisa kumwamini Mtume s.a.w., lakini baba yake, Abu Quhafa, hakuamini kwa muda wa miaka ishirini hivi. Makka ilipofunguliwa, mwaka wa nane wa Hijra, yaani 630, Abu Quhafa alikuwa kikongwe asiyeona, na nywele zake ni nyeupe kabisa. Hadhrat Abu Bakr r.a. alimshika mkono akamwongoza mpaka kwa Mtume s.a.w. Mshindi wa Makka, aliyekuwa na mji mzima wa kuutengeneza siku zile, alipomwona alimwambia Abu Bakr kwamba mzee angeachwa nyumbani kwake, naye angemwendea mwenyewe huko. Akamketisha mbele yake, na Abu Quhafa akasilimu. Aliishi hata baada ya mwanawe kufa katika Ukhalifa, na sheria ikampa, kwa kuwa ni baba, sehemu moja ya sita ya urithi. Imesimuliwa kwamba mzee huyo aliipokea haki yake, kisha akairudisha kwa wajukuu.